"Nimekula, mama": mtoto wa Kondoa anakula nini akiwa chuo Dodoma?

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, kuanzia mwishoni mwa Oktoba, stendi yetu ya Kondoa inabadilika sura. Mabasi ya alfajiri ya kwenda Dodoma yanapakia mabegi makubwa, magodoro yaliyokunjwa, ndoo mpya, na karibu kila mwanafunzi ana kiroba cha unga. Mama yupo pembeni anahesabu noti, anafunga fundo la mwisho, anasema "ukifika nipigie." Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, safari hiyo ni ya saa chache tu. Mtoto anaondoka asubuhi, mchana yuko Chimwaga kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Dodoma, au St. John's, au Mipango, au Chuo cha Biashara.

Kuanzia hapo mama anajua anachoambiwa kwenye simu. Umekula? Nimekula, mama. Usiku mwema.

Mwaka jana mama mmoja alinijia na binti yake wa mwaka wa pili, aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi. Alitaka nimsaidie apate dawa za taifodi, kwa sababu binti anachoka, anapanda ngazi anahema, kichwa kinamuuma. Alikuwa ameshatumia dawa za taifodi mara mbili ndani ya miezi mitatu, zote za kununua dukani bila kipimo. Niliposhusha kope la chini la jicho niliona weupe. Tulipima wingi wa damu tukapata 8.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 au zaidi.

Nikamuuliza: jana ulikula nini? Hapo alikuwa nyumbani, kwa hiyo jibu lilikuwa zuri. Nikauliza tena: siku ya kawaida ukiwa chuo je? Akacheka kidogo, akamwangalia mama yake. Saa nne asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana hakuna. Jioni chipsi kavu, au chipsi mayai kama kuna hela. Mwisho wa mwezi hata chipsi hakuna, ni chai na mkate.

Mama yake alikaa kimya, kisha akasema: "Lakini kila siku ananiambia amekula."

Na hakudanganya. Alikuwa amekula.

Hela ya bumu na hesabu yake

Wazazi wengi wanaamini kuwa mtoto akishapata mkopo, suala la chakula limekwisha. Tulitazame jambo hili kwa hesabu, maana hapa ndipo mazungumzo ya nyumbani yanapopotea njia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Sehemu ya mkopo huenda chuoni kulipa ada. Sehemu nyingine, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ni ya chakula na malazi na huja mkononi mwa mwanafunzi kwa awamu. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kiwango kilichowekwa mwaka 2015. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kupandisha hadi 10,000 kwa siku. Ni nyongeza ya kweli na wanafunzi waliipokea kwa furaha. Lakini kati ya 2015 na 2023 bei za vitu zilipanda kila mwaka. Ukichukua kupanda kwa asilimia 3 na nusu tu kwa mwaka, ambako ni kwa chini, kitu kilichonunuliwa kwa 8,500 mwaka 2015 kinahitaji zaidi ya 11,000 baada ya miaka minane. Na tunakumbuka mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023 jinsi mchele na maharage vilivyotukimbia sisi wenyewe hapa sokoni. Kwa hiyo nyongeza ilipunguza pengo, haikulifuta.

Halafu neno lenyewe ni "chakula na malazi". Aliyekosa chumba ndani ya chuo anapanga nje, Ng'ong'ona au kwingineko, na kodi inadaiwa kwa miezi kadhaa kwa mkupuo. Nauli, bando la intaneti, kuchapa kazi za darasani na sabuni navyo vinatoka humohumo. Anayebaki na 4,000 au 5,000 ya kula kwa siku si maskini kati ya wenzake.

Wapo pia wasiopata mkopo kabisa, au waliopewa asilimia ndogo. Wa diploma walikuwa nje kabisa kwa miaka mingi. Ni kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 tu ndipo baadhi ya kozi za diploma, zikiwemo za afya, zilipoingizwa. Hili nalijua kwa tumbo langu. Nilisoma diploma ya uuguzi bila mkopo, kwa hela ambayo baba alituma alipouza alizeti. Mwaka wa pili nilianguka wodini tukiwa kwenye mzunguko wa asubuhi, mbele ya wagonjwa niliotakiwa kuwahudumia. Sikuwa na ugonjwa. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana, na nilikuwa kwenye siku zangu. Nyumbani nilisema ni malaria.

Kuna jambo jingine kuhusu awamu. Hela ya wiki nane ikiingia siku moja kwa kijana wa miaka ishirini, wiki mbili za kwanza ni kuku na soda, na wiki mbili za mwisho ni mkate. Sisemi hivi kuwacheka. Sisi wakulima tunaijua hali hii vizuri: baada ya mavuno watu wanafanya sherehe, na mwezi wa pili ghala ni tupu. Mwili lakini haufanyi wastani. Ukila vizuri mwanzo wa mwezi, chuma cha ziada kinaweza kuhifadhiwa kiasi, ila vitamini C na vitamini nyingi za kundi B hazikai mwilini kwa muda mrefu.

Pasi ndefu

Wanafunzi wana jina lao la kuruka mlo: pasi ndefu. Mpira unapigwa kutoka chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku bila kugusa katikati. Wengine huruka asubuhi kwa sababu kipindi kinaanza saa moja, wakala saa saba kama mlo wa kwanza.

Ubongo hutumia sukari iliyo kwenye damu muda wote. Aliyefunga kula kwa saa nyingi bila kupanga anakuwa mzito wa kufikiri, ana hasira za haraka, anatetemeka. Anapopata chakula anakula kingi kwa mara moja, tena kile kinachoshibisha haraka kwa bei ndogo: chipsi, chapati, maandazi, wali mtupu. Vyote ni wanga na mafuta. Vinajaza tumbo, vinaleta nguvu, lakini ndani yake kuna uhaba wa vitu ambavyo msichana wa umri huo anavihitaji kuliko wote nyumbani.

Cha kwanza ni madini chuma. Mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa anahitaji chuma karibu mara mbili ya mwanaume wa umri wake, kwa sababu ya damu ya hedhi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania, 42 wana upungufu wa damu. Hii ni nchi nzima, mjini na kijijini, na binti aliyeko chuo yumo ndani ya kundi hilo. Upungufu huu hauji na maumivu makali. Unakuja kama uchovu, usingizi darasani, mapigo ya moyo kwenda mbio, baridi mikononi, wakati mwingine hamu ya kutafuna udongo au barafu. Na kwa kuwa kila uchovu kwetu ni taifodi au UTI, dawa zisizohitajika zinanunuliwa na damu inaendelea kushuka.

Cha pili ni foliki. Hii wengi tunaijua kwa ajili ya wajawazito. Tatizo ni kwamba uti wa mgongo wa mtoto tumboni hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Upungufu wa foliki wakati huo unaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mwili unatakiwa uwe na foliki kabla, miaka ile ile ya chipsi na chai. Foliki ipo kwenye maharage, kunde, karanga, mboga za kijani na maini. Unga wa ngano wa viwandani nao huongezwa foliki na madini chuma kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, lakini unga tunaosaga kwenye mashine za mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu.

Tena kuna chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma kisiingie mwilini, hasa chuma cha kwenye mboga na nafaka. Aisubirishe kama saa moja baada ya kula. Kinyume chake, chungwa, embe, ubuyu, ukwaju, au nyanya mbichi na limau kwenye kachumbari husaidia chuma cha maharage kuingia. Hapa Dodoma choya, yaani rozela, ni maarufu sana kwa "kuongeza damu". Ina vitamini C, sikatai. Lakini rangi nyekundu peke yake haigeuki kuwa damu, na kama juisi yenyewe imejaa sukari, mtoto anakunywa sharubati tu.

Na wanaonenepa?

Si wote wanaorudi wamekonda. Kuna anayerudi na mashavu, bibi anafurahi na kusema chuo kimemkubali. Kati ya mwaka 2004 na 2016 idadi ya wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi au kiriba tumbo ilipanda kutoka 18 hadi 28 kwa kila 100. Mtu anaweza kuwa mnene na wakati huohuo akawa na damu pungufu. Ndiyo maana mimi siangalii mashavu, naangalia kope.

Chupa moja ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari inayokaribia vijiko vya chai 8 au 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa kwa siku nzima isizidi kama vijiko 12, na kama inawezekana iwe nusu ya hapo. Chupa mbili zimeshapita. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari ya namna hiyohiyo pamoja na kafeini, na wanafunzi huvitumia wakati wa mitihani badala ya usingizi na badala ya chakula. Asiyelala na asiyekula akinywa kopo mbili, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anaogopa kuwa anakufa. Hili nimelishuhudia.

Mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mara nyingi hadi yakawa meusi nayo si mema. Lakini sitaki kumsema mama wa chipsi peke yake, anatafuta riziki. Kwa hela ileile karibu na vyuo vingi kuna mama ntilie wa wali maharage na mchicha. Tatizo ni kwamba wali maharage mchana ni foleni, na chipsi usiku ni matembezi na marafiki. Ulaji wa vijana una mambo mengi ndani yake, njaa ni mojawapo tu.

Jambo fupi kuhusu vidonda vya tumbo, kwa sababu naulizwa kila wiki. Njaa yenyewe si chanzo kikuu cha vidonda. Vingi husababishwa na bakteria wanaokaa tumboni, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Binti anayemeza diklofenaki kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, tena tumbo likiwa tupu, yuko hatarini kuliko anayechelewa kula. Apimwe, asipewe tu ushauri wa "kula mapema".

Kiroba kutoka nyumbani

Sasa tuje kwenye mikono yako wewe mama. Huna uwezo wa kupandisha bumu, ila kiroba unakifunga wewe. Na kwa sisi wa Kondoa kiroba kina habari yake.

Mwaka 2016, kuanzia mwezi wa tano, watu katika wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kuugua: tumbo kuuma na kujaa, kutapika, macho kuwa ya njano. Waliougua walifika 68 na 20 kati yao walifariki, wengi wakiwa watoto. Ilikuja kuthibitishwa kuwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Mahindi yale hayakutoka mbali. Yalikuwa ya shambani kwao, yaliyovunwa na kuhifadhiwa nyumbani.

Nalileta hili kwa sababu mtoto anayebeba debe mbili za mahindi yaliyosagwa anakula chakula hichohicho kwa miezi. Sumukuvu haionekani kwa macho kila mara, haina harufu ya uhakika, na kuchemsha hakuiondoi. Kiasi kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na kuongeza hatari ya saratani ya ini, zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo mahindi ya mtoto wa chuo yasiwe yale yaliyobaki chini ya ghala. Yaanikwe juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Yachambuliwe punje kwa punje: iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa na iliyotobolewa na wadudu itupwe, na kuku asipewe. Yakaushwe mpaka punje ikivunjwa kwa meno inalia. Kisha yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga. Karanga zichambuliwe kwa ukali zaidi, na usikubali kununua karanga zilizokwishasagwa ambazo hukuziona zikiwa nzima.

Hapa kuna mgongano ambao huwa nauona hata kwenye mafunzo yetu. Tunawaambia akina mama dona ni bora kuliko sembe, na ni kweli: kukoboa huondoa pumba na kiini, na humo ndimo kuna vitamini B, chuma na zinki. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye sehemu hizohizo za nje na kwenye kiini. Dona ya mahindi mazuri ni chakula bora. Dona ya mahindi yenye ukungu ni mbaya kuliko sembe yake. Kwa hiyo swali la kwanza si dona au sembe, ni mahindi yenyewe yalivyo. Kama una uwele au mtama, peleka huo. Watoto wengine wanaona aibu kupika ugali mweusi mbele ya wenzao wa mikoa mingine, lakini uwele una chuma kuliko sembe, nao unastahimili ukame wetu. Ukilowekwa au kuchachushwa kidogo kabla ya kusagwa, chuma chake huingia mwilini vizuri zaidi. Usafi wa kukausha na kuhifadhi unahusu nafaka zote.

Na unga wa lishe. Tafadhali, usichanganye mahindi, ngano, mchele, soya, karanga, ulezi, ufuta na mbegu za maboga kwa sababu tu jirani amefanya hivyo. Kila kinachoongezwa kina muda wake wa kuharibika, na karanga ndani ya unga hukaa muda mfupi kabla ya kuchacha. Unga wa ulezi au uwele peke yake unatosha, maziwa au karanga ataongeza wakati wa kunywa.

Wengi tunapeleka unga, maharage na mafuta. Maharage makavu ni chakula bora kabisa, ila mabweni mengi hayaruhusu jiko, na maharage yanataka saa mbili za moto. Mara nyingi narudishiwa habari ya maharage yaliyotobolewa na wadudu chini ya kitanda. Kama mtoto anapanga nje, sawa, na ni bora zaidi wakiwa watatu au wanne wanachanga: mmoja analeta maharage, mwingine mchele, mwingine gesi, wanapika chungu kikubwa jioni na kiporo wanakichemsha hadi kitokote asubuhi. Kama anakaa bwenini, mpelekee vitu visivyohitaji moto mrefu au visivyohitaji kabisa: karanga za kukaanga ulizozichambua mwenyewe, ubuyu wa unga, dagaa waliosafishwa na kukaangwa wakauka vizuri, asali kidogo, ndizi na machungwa ya wiki ya kwanza. Konzi ya karanga na ndizi saa nne asubuhi ni bora kuliko maandazi mawili, na haina gharama zaidi.

Mlenda mkavu ni mali yetu, tusiuone wa kishamba. Ni mwepesi kubeba, unaiva haraka, na una chuma na kalsiamu. Mambo mawili tu. Ukaushie kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A nyingi. Na punguza magadi: yanalainisha na kuleta ule mnato tunaoupenda, lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B. Nusu ya ulichozoea inatosha.

Na kabla sijasahau, mfundishe mwanao wa kiume kupika. Vijana wengi wa kiume wanaolala na njaa wana unga ndani ya chumba.

Badala ya "umekula?"

Swali la "umekula?" lina jibu moja tu. Mtoto anajua huna hela, hataki ulale na mawazo, atasema ndiyo. Uliza "leo ulikula nini mchana?" Kisha uliza "na nini?" Akisema ugali, na nini? Akisema wali, na nini? Mboga ilikuwa gani? Kwa siku tatu au nne za maswali hayo utakuwa na picha ambayo hata mimi kliniki ningetaka kuipata. Ukiona kila siku jibu la pili halipo, au ni lilelile la chai, hapo pana kazi. Usigombe. Akigombezwa, wiki inayofuata atakutajia samaki na matembele ambayo hajayaona.

Kama unatuma hela, jaribu kutuma kidogo kila wiki badala ya nyingi kwa mwezi, hata kama ada ya muamala inauma. Wapo akina mama wawili hapa mjini ambao watoto wao wako chuo kimoja: wamezungumza na mama ntilie mmoja karibu na chuo, wanamlipa yeye moja kwa moja mlo wa mchana wa wiki nzima. Watoto walilalamika mwanzoni.

Apimwe wingi wa damu kama anachoka bila sababu, hedhi yake ni nzito au inazidi siku saba, anazimia, anahema kwa kazi ndogo, au anatafuna udongo. Kipimo ni tone la damu. Asianze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwa sababu upungufu wa damu unaweza kutokana na minyoo, kichocho, malaria, sikoseli au hedhi yenyewe, na kila kimoja kina tiba yake. Akipewa vidonge vya chuma na foliki, aambiwe kabisa kuwa choo kitakuwa cheusi na huenda akapata kufunga choo au kichefuchefu. Wengi wanaacha siku ya nne kwa hofu hiyo. Vinatakiwa kuendelea kwa miezi, hata baada ya kujisikia nafuu, ili akiba ya mwili ijae. Avimeze mbali na chai.

Binti niliyemtaja mwanzo tulimpima malaria, choo na mkojo. Alikuwa na minyoo, tukamtibu, akaanza vidonge. Alirudi baada ya miezi mitatu, damu ikiwa 11.4. Bado haijafika 12, kwa hiyo nilimwongezea vidonge. Alisema sasa wanachanga na wenzake watatu, na pasi ndefu imebaki siku za mitihani tu. Mama yake aliniuliza kama mlenda mkavu unaweza kutumwa kwa basi bila kuharibika. Unaweza. Uhakikishe umekauka hadi unavunjika mkononi, ufunge kwenye karatasi kwanza ndipo uweke kwenye kopo lenye mfuniko, na umwambie kondakta asiuweke chini ya ndoo za maziwa.